Mwenye Jina Siku ya Jumamosi

Wiki iliyopita niliwaacha Sindo, jikoni, nimeshika mwiko, samaki wameiva na wageni hawajafika. Kwa wewe uliyenunua gazeti leo kwa sababu ya mpira, nitakueleza kwa ufupi halafu tuingie kazini.

Naitwa Bathsheba. Ni Mkisii wa Nyamira, nilihamia Migori kumfuata mume, na huyo mume, Motari, akanihama. Alivuka mpaka na muuza mitumba wa Sirari, akaniachia kinu cha kusaga unga. Kinu kikaungua. Hayo mliyasoma, mkacheka, na wengine mkaniletea barua za pole. Wawili mlileta posa, na nyinyi sijawajibu kwa sababu nina heshima zangu.

Baada ya kinu nilikodi nyumba huko Sindo, ukingoni mwa ziwa, nikaipaka rangi, nikaiita Kwa Bathsheba. Mimi naishi Migori, na Sindo nimemwachia mpishi wangu Phelesia, mama wa Kijaluo asiyeogopa mtu. Wageni wetu ni wazungu wanaopenda kuvua mbuta. Wakimpata wanampiga picha, wanambusu, wanamrudisha majini. Phelesia hajawasamehe hadi leo.

Sasa mzungu wa Ulaya atajuaje kuna Bathsheba Sindo? Hapo ndipo anaingia Liz Nyangi, binti Mkuria mwenye duka la kupiga chapa na simu hapa Migori mjini, karibu kabisa na kanisa letu. Liz ana kompyuta yenye Intaneti. Mwaka jana aliniambia nyumba yangu inaweza kupewa jina lake humo, jina ambalo hakuna mwingine duniani atakuwa nalo, na mtu akiliandika popote alipo anaona picha ya nyumba, ramani na simu ya kupiga. Nilidhani ananitania. Baada ya mwezi mmoja tukapokea Wadachi, na nyumba yangu ikaanza kujaa.

Mpango wetu ulikuwa rahisi. Mgeni anaandika imeili, Liz anaichapisha kwenye karatasi, karatasi anapewa dereva wa basi, na dereva anamfikishia Phelesia. Imeili zangu zote zimepitia Rongo na Homa Bay kwa basi.

Na sasa nitawaeleza kosa langu lote, maana bila hilo hamtaelewa yaliyonipata wiki hii.

Mimi ni Msabato. Si Msabato wa kwenda kanisani tu, mimi ni shemasi. Ijumaa jua likizama naacha kazi, na amri hainibani mimi peke yangu. Inambana mtumishi wangu, punda wangu, hata mgeni aliyelala kwangu. Nilipokuwa na kinu nilikuwa na dawa ya jambo hilo. Ijumaa jioni nilimpa jirani Mkatoliki ufunguo. Jumamosi kinu kilikuwa chake kabisa, faida yake, hasara yake. Jua likizama ananirudishia ufunguo, nami naanza kusaga. Mzee Okari, mzee wa kanisa letu, aliulizwa akasema kama kweli kinu si changu siku hiyo, hana neno.

Basi anayetuandikishia majina ya Intaneti sisi wa huku ni kijana mmoja wa Nairobi anayeitwa Masese. Kazi hiyo anajitolea tu. Siku za wiki ameajiriwa kwingine, kwa hiyo mambo ya majina anayashughulikia Jumamosi. Jumamosi tu. Ukitaka kubadilisha simu yako au ramani, ni Jumamosi, na akiwa na swali anataka ajibiwe Jumamosi hiyo hiyo.

Masese alitaka watu wawili: mwenye jina, na mwenye idhini ya kubadilisha chochote kinachohusu jina hilo. Mwenye jina nikajiandika mimi. Mwenye idhini nikamwambia Liz ajiandike yeye. Jumamosi iwe yake, nikamwambia, siku zingine zangu, tutafanya kama kinu.

Liz akaniuliza, "Mama, kompyuta itajuaje ni siku gani?"

Nikamwambia aache utoto aandike.

Basi ndugu zangu, samaki walipopoa wiki iliyopita, Phelesia alifunga leso kiunoni akaenda stendi kuuliza. Aliporudi alikuwa amenuna. Akaniambia wazungu watatu walipita hapo asubuhi, karatasi mkononi, na dereva amewashusha Kisegi, kijiji cha jirani.

"Kisegi kufanya nini?" nikamwuliza.

"Kukuona wewe, Mama. Karatasi yao inasema Bathsheba iko Kisegi."

Nilivua aproni nikaondoka vile vile nikinuka vitunguu. Pale Kisegi niliona nyumba mpya ya mabati mekundu, na uani wazungu wangu watatu wameketi wanakunywa soda. Na aliyekuwa akiwamiminia soda, taulo begani, alikuwa ni Stanley Magige.

Stanley ni Mkuria mwenye malori. Ndiye mchumba wa Liz. Mahari keshapeleka, ng'ombe wako kwa mzee Nchagwa, baba yake Liz, wanakula majani. Mimi mwenyewe nilipika siku hiyo ya ng'ombe. Nilimsifu Stanley mbele ya watu nikasema kijana huyu ana adabu.

Aliponiona hakushtuka hata kidogo. Akaniita mama mkwe, akanivutia kiti. Nilimpasha yote niliyokuwa nayo moyoni, kwa Kiswahili, kwa Kikisii, na kwa Kijaluo kidogo alichonifundisha Phelesia. Wazungu wakaacha soda wakatuangalia. Mmoja wao, mwenye ndevu, akauliza kwa adabu huyu mama ni nani. Stanley akamjibu kwamba ni mwenye nyumba ya zamani, tulihama Sindo.

"Mimi sijahama popote," nikasema.

"Wewe hujahama," akasema Stanley. "Jina ndilo limehama. Jina linakaa mahali mwenye idhini ameliweka, Mama. Uliza Nairobi."

Ningempiga na ile chupa ya soda, lakini nilikuwa na baji ya Dorkasi, chama cha akina mama wa kanisa letu, kifuani. Wazungu walikuwa wamekwisha kufungua mabegi yao. Niliwatakia usiku mwema nikarudi Sindo kwa miguu yangu, nikala wale samaki na Phelesia, na hawakuwa na ladha.

Alhamisi nikafika Migori, moja kwa moja dukani kwa Liz. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nilitaka kumkumbusha kwamba nilimshika mkono alipofungua duka, kwamba nilimletea wateja wa kwanza, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Nilipofungua mdomo akaanza kulia kabla sijasema neno, nikajikuta namtafutia leso.

Alikuwa hajui. Nawaambia kweli, na mimi si mtu wa kudanganywa kwa machozi, Motari alinifunza. Siku ya Jumamosi iliyotangulia Liz alikuwa ametoka kwenda kuoka keki ya ubatizo wa mtoto wa dada yake. Stanley akasema atamlindia duka. Akakaa kwenye kompyuta yake, akamwandikia Masese imeili kutoka kwa anwani ya Liz, kwa jina la Liz, akaomba simu ibadilishwe na ramani ipelekwe Kisegi. Masese akaona imeili imetoka kwa mwenye idhini, akabadilisha. Kosa lake liko wapi? Mimi ndiye niliyemwambia Liz ana idhini.

"Basi mwandikie tena aturudishie," nikasema.

Liz akapangusa macho akanionyesha karatasi nyingine iliyokuwa imetoka Nairobi asubuhi ile. Stanley alikuwa ametuma maombi mawili. La kwanza lilishatimizwa. La pili lilikuwa linangoja Jumamosi inayokuja, na hilo si la simu wala ramani. Lilisema mwenye jina si Bathsheba tena. Mwenye jina aandikwe Stanley Magige. Masese alikuwa ameandika chini yake kwamba jambo hili ni kubwa, atalifanya Jumamosi saa sita mchana, isipokuwa mwenye idhini alikatae kabla ya hapo.

Niliketi. Mnajua kuna familia za Wadachi zilizokuwa zimekodi nyumba yangu nzima mwisho wa mwaka huu, kuuona mwaka wa elfu mbili ukiingia kando ya ziwa. Kwa ajili yao nilikuwa nimeongeza vyumba. Jina likienda kwa Stanley, wote wanashuka Kisegi, na mimi nabaki na vyumba, Phelesia na rangi mpya. Mara hii hakuna kinu cha kurudia. Nikipoteza Sindo ninarudi Nyamira kwa kaka zangu nikiwa na begi moja, na wake zao watanipa kazi ya kuchuma chai huku wakiniita mgeni.

"Likatae basi," nikamwambia Liz. "Andika sasa hivi kwamba umekataa."

Liz akasema kwa sauti ya chini kwamba ng'ombe wako kwa baba yake. Akimkatalia Stanley waziwazi, kwa maandishi, yeye kama mwenye idhini, Stanley atawataka ng'ombe wake, na kaka yake mkubwa amekwisha kuwatoa baadhi yao kuoa. Utawarudishaje ng'ombe ambao wamegeuka kuwa mke wa mtu? Kwao hilo si ugomvi wa wachumba wawili, ni ugomvi wa koo mbili.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilikuwa nimempa mtoto wa watu mzigo wangu abebe ili mimi nibaki safi, na sasa ulikuwa umemwangukia.

Ni Liz aliyepata njia. Alisema yeye hawezi kumkatalia Stanley, lakini anaweza kujiondoa. Mtu anaweza kuacha kazi yoyote aliyopewa. Masese akimfuta yeye kwenye idhini, Stanley hana cha kumwomba wala cha kumlaumu. Imeili itakayotoka kwa Liz itakuwa karatasi tupu.

"Na idhini iende kwa nani?" nikamwuliza.

"Kwako, Mama. Wewe ndiye mwenye jina. Kwa nini haikuwa yako tangu mwanzo?"

Swali hilo lilinichoma, kwa sababu nilikuwa na jibu na jibu lenyewe lilikuwa la aibu. Tukamwandikia Masese hapo hapo. Ijumaa mchana akajibu kwa mistari miwili. Alisema ameona vituko vya kutosha kwenye jina hili. Hatapokea tena imeili kwa habari hii, atapiga simu dukani kwa Liz Jumamosi kabla ya saa sita, azungumze na Liz, kisha asikie sauti ya mwenye jina mwenyewe.

Jumamosi. Saa ambayo mimi niko kanisani nimevaa kitambaa cheupe cha ushemasi.

Nilikwenda kwa Mzee Okari kabla jua halijashuka. Nilimkuta anapiga viatu vyake rangi ili kesho asifanye kazi hiyo. Nikamweleza yote bila kuficha. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kusugua, na mimi nikamalizia na hoja niliyoitayarisha vizuri.

"Mzee," nikasema, "ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, si tunamtoa?"

"Tunamtoa ng'ombe aliyetumbukia," akasema Mzee Okari. "Huyu wako ulimsukuma mwenyewe, Bathsheba. Tena ulimsukuma Sabato baada ya Sabato."

Nikamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeruhusu mambo ya kinu. Akasema kinu kilikuwa na ufunguo na ufunguo ulirudi. Akaniuliza hili jina la kwenye Intaneti nilirudishiwa Jumamosi gani. Hakuna hata moja niliyorudishiwa. Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma. Aliniambia tu kwamba shemasi akitoka ibadani kwenda kwenye biashara yake, kanisa halitamfukuza, lakini kitambaa kitapewa mtu mwingine. Na kanisa hili, nyinyi wasomaji mnafahamu, ndilo lililonizika mara mbili na kunifufua mara mbili. Motari alipoondoka walinilisha wao. Kinu kilipoungua walikuja na ndoo.

Basi nikaamua sitakwenda. Nilipiga magoti Ijumaa hiyo nikamwambia Mungu jina ni lako, ukitaka lilinde, hutaki liende Kisegi. Nikalala fofofo, maana mtu akishakata tamaa hulala vizuri.

Jumamosi asubuhi kanisa lilijaa. Wimbo wa kwanza ukapita, somo likapita, na mimi sikuangalia saa ukutani zaidi ya mara nyingi. Wakati wa sadaka ulipofika nikachukua mfuko wangu, nikaanza upande wa akina mama. Nilikuwa nimefika benchi la Kezia, dada yangu katika Bwana, mama ambaye hutoa sadaka polepole ili aonekane, nilipoona watu wa nyuma wamegeuza shingo.

Liz alikuwa mlangoni, leso kichwani kama aendavyo misani, hajui aingie au abaki nje. Akanitazama. Hakuita. Aliinua tu mkono akauweka sikioni kama mtu anayeshika simu.

Nawaambia niliupigania moyo wangu. Nilimgeukia Kezia nikamnyooshea mfuko. Kezia, badala ya kutoa sadaka, akaninong'oneza, "Ni wale wazungu wako?"

Miguu yangu ikaondoka yenyewe. Nilipita katikati ya kanisa, mbele ya macho ya watu wote, nikatoka nje kwenye jua nikaanza kumfuata Liz mbio. Nilipofika duka la viatu la jirani ndipo nilipohisi kitu kinalia chin-chin mkononi. Mfuko wa sadaka. Nilikuwa nimetoka na sadaka ya Bwana.

Nikageuka nirudi. Nikaona mlango wa kanisa umefunguka na Mzee Okari anatoka, nyuma yake wahasibu wa kanisa, nyuma yao Kezia, na nyuma ya Kezia karibu kwaya nzima. Hakuna aliyekuwa anakimbia. Wasabato hatukimbii siku hiyo. Lakini walikuwa wanatembea kwa hatua ndefu.

Nikasema liwalo na liwe, nikaingia dukani.

Na dukani, kwenye kiti cha wateja, miguu ameinyoosha, nani kama si Stanley Magige. Simu ilikuwa imelazwa mezani, mkono wa Stanley juu yake, sauti ya Nairobi inasikika ndani ya simu kwa mbali ikisema halo, halo.

Liz hakumwangalia. Aliichukua simu akasema jina lake, akasema la baba yake, akasema tarehe aliyoandikisha jina lile. Halafu akasema anaomba aondolewe kwenye idhini, kuanzia sasa, kwa hiari yake mwenyewe, wala hajalazimishwa.

Stanley akasimama. "Na ng'ombe?" akauliza.

"Ng'ombe ni mambo yangu na yako," Liz akamjibu, "na bado nipo. Sikukukatalia kitu. Kompyuta haikuwa sehemu ya mahari."

Nilitamani kumpigia makofi binti yule. Stanley akanitazama mimi, akatazama mlangoni ambako kanisa lilikuwa limekwisha kufika na kusimama kwa utaratibu, wafupi mbele, warefu nyuma. Akatabasamu. Akaketi tena. Sikuelewa anachekea nini mpaka Liz aliponipa simu.

Masese alikuwa na sauti ya upole, nami nikasikia mara moja kwamba ni mtoto wa kwetu. Nikamsalimu kwa Kikisii. Akaitika. Nikashindwa kujizuia, nikamwuliza yeye mtoto wa Kikisii anafanyaje kazi siku ya Sabato.

"Mama, nililelewa humo humo," akasema. "Leo tuache hayo. Wewe ndiye Bathsheba?"

Nikasema ni mimi. Akaniuliza maswali yake, nikayajibu. Kisha akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mama yake, kwamba yeye amekaa Nairobi hawezi kuona uso wa mtu. Anaona anwani tu. Aliyemwandika kuwa na idhini, huyo ndiye anayemsikiliza, hata awe mwizi. Kwa hiyo mtu akimpa mwingine idhini juu ya jina lake kwa sababu zake, ajue amempa jina. Amechoka kurekebisha majina ya watu walioazima wengine wawashikie idhini.

"Nimemfuta Liz," akasema. "Nafasi iko wazi. Na ombi la Stanley liko hapa mbele yangu, halijakataliwa na mtu, na zimebaki dakika chache saa sita ifike. Nikikuandika wewe, nitakuuliza kama unalikubali au unalikataa, na utakalosema ndilo."

"Niandike," nikasema. Nilikwisha kuanza kumshukuru Mungu.

"Ngoja kwanza, Mama. Nikikuandika wewe, siku nikipiga anajibu wewe. Si mpishi, si jirani, si Mkatoliki wa kukodi. Na mimi napiga Jumamosi. Si hii tu, Mama. Kuomba anaweza mtu yeyote, na watu kama Stanley hawaombi mara moja, wakishindwa leo wataomba tena wiki ijayo na ile nyingine, na kila mara nitataka sauti yako kabla ya saa sita. Usipojibu, ombi linapita. Nikuandike hivyo?"

Hapo nikaelewa kwa nini Stanley alikuwa anatabasamu. Alijua. Alikuwa na Jumamosi zote za dunia, na mimi sikuwa na hata moja.

Nilihisi Mzee Okari amenisogelea mpaka nikasikia harufu ya rangi ya viatu vyake. Akanyoosha mkono. Sikujua kama anataka mfuko wa sadaka au anataka simu, na nilipomtazama usoni sikuona hasira, niliona mzee mwenye huzuni. Niliogopa kuliko siku ile kinu kilipowaka.

Nikampa mfuko. Akaupokea, akampa Kezia, na mkono wake ukarudi pale pale, mtupu, ukingoja kitambaa.

"Mama," akasema Masese sikioni mwangu. "Mama, upo?"

Nikaanza kufungua fundo la kitambaa kwa mkono mmoja, na lilikuwa gumu, nililifunga mwenyewe asubuhi kwa maombi. Mkono mwingine ulikuwa umeshika simu kwa nguvu hata vidole vikaniuma.

"Nipo," nikasema.